Aliyetolewa Figoni

Ilianza na harufu. Nyumba nzima ilinuka uzi ulioungua, ilhali cherehani ya baba ilikuwa imefunikwa tangu alipotoka hospitali.

"Mama, umesahau pasi?" binti aliuliza. Alikuwa amekuja kwa wazazi kusubiri kujifungua mtoto wake wa kwanza.

"Pasi iko kabatini, ya baridi."

Wakapuuza. Nani ana muda wa harufu nyumba ikiwa na furaha? Baba, fundi cherehani, alikuwa na presha sugu, ya kumeza vidonge kiganja kizima na bado kichwa kinampasuka. Ndipo daktari alipompitishia mrija mwembamba pajani, ukapanda ndani ya mshipa wa damu hadi kwenye figo, na huko akaunguza mishipa ya fahamu inayochochea presha. Fundi aliogopa, jamani! Aliuliza weee kama ni salama. Daktari alimjibu bila kuchoka, akampima figo kabla na baada. Zote nzima. Presha ikashuka, na mkewe akaacha kumwita Bomu.

Kisha ikaja sauti. Ule mdundo aliousikia fundi sikioni miaka yote akilaza kichwa, du-du, du-du, yeye hakuusikia tena. Waliusikia wenzake. Mchana kweupe ulitoka kwenye ukuta wa jikoni, kesho yake chini ya kochi, kisha chini ya kitanda cha binti, na binti akaamka uso na miguu imevimba, macho yanaona vimulimuli, na kipimo cha presha kilipombana mkono kikaonyesha namba zile zile za zamani za baba yake.

"Hizo ni zangu," fundi alinong'ona. "Mke wangu, hizo ni zangu!"

Hospitali wakamlaza, wakampa dawa, namba hazikutikisika. Mama hakuomba ruhusa ya mtu. Saa ya kuona wagonjwa aliingia na mumewe na mganga, mwanamke mnene aliyejifanya shangazi. Mganga alinusa hewa, akaweka kiganja juu ya tumbo la binti.

"Mlipomtoa kwa mzee, mlimwambia aende wapi?"

"Kumtoa nani?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Jini. Akitolewa huonyeshwa pa kwenda. Nyinyi mmemchoma, mkashangilia, basi."

Kinywa cha binti kikafunguka macho yakiwa yamefumbwa, na sauti nzito isiyokuwa yake ikasema, "Nilikaa kwake tangu hajaota ndevu. Nikaungua. Nikaingia mlango wa karibu."

"Nenda kwenye pango," mganga aliamuru. "Nenda kwenye gofu lisilo na watu."

"Niache huku nilikopata wawili?"

Mganga aliondoa mkono wake, akakusanya mtandio wake, akatoka bila kuaga. Fundi akapiga magoti kando ya kitanda. "Rudi kwangu. Nakuomba, ni nyumba yako hii, rudi tu."

"Nimejaribu. Njia imeungua."

Fundi alitoka mbio, akamshika daktari mkono wa koti, akilia kama mtoto, akimsihi amrudishie alichokichoma, chochote, hata kidogo. Daktari, mtu mpole, alimkalisha kwanza, akampima.

"Baba, tulia. Presha yako nzuri kabisa," alisema akitabasamu.

Nyuma ya ukuta, wodini, mdundo ulikuwa unaenda, du-du, du-du, na chini yake ukasikika mwingine, mdogo, ukijifunza kwenda nao sawa.