Somo Yangu wa Ziwani

Jioni ile nilitoka kununua dania tu. Kibanda cha mboga kiko pale nje ya mtaa wetu wa Jamhuri, hata dakika tano haziishi. Mchuzi ulikuwa jikoni, moto nimeupunguza, na Shahida wangu wa miaka sita nimemwacha sebuleni akichora. Nywele zake zilikuwa timtim. Nilizifumua tangu jana yake na sikuwa nimepata nguvu ya kuzisuka. Nikamwambia asifungulie mtu mlango. Nikaenda, nikachukua fungu langu la dania, nikarudi adhana ya Magharibi ikimalizikia kwenye simu yangu.

Nilipofungua mlango, harufu iliyonipokea haikuwa ya mchuzi.

Ilikuwa harufu ya matope baridi... na majani yaliyoozea majini.

Shahida alikuwa amekaa pale pale na kalamu zake. Nywele zimesukwa. Mistari myembamba, imenyooka, imekusanywa nyuma na kufungwa utepe. Kichwa kile mimi hunichukua saa nzima, na ugomvi juu yake.

"Nani amekusuka?"

Akanitazama akidhani namtania. "Si wewe, mama."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Ukaniimbia. Halafu ukaenda jikoni."

Nikaenda jikoni. Moto umezimwa, mchuzi umeiva, na dania imeshanyunyizwa juu. Sakafuni kulikuwa na nyayo za maji, za mtu asiyevaa viatu, kutoka sinki hadi mlango wa nyuma. Mlango huo ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mimi ni mwanamke wa kelele. Kule Ngara ninakouza magauni ya madira, panya akipita dukani kwangu jengo zima linapata habari. Nilipaswa kupiga ukemi. Nilisimama na dania yangu mkononi nikingoja woga uje. Haukuja. Nikachukua tambara, nikapiga deki.

Kabla hujaniita mwongo, nikurudishe nyuma siku moja.

Virginia, jirani yangu wa mlango wa pili, alikuwa ameniburuta mlimani. Ana gari, ana mdomo kunishinda mimi, na alikuwa ameapa lazima aone yale maziwa yaliyo juu kwenye hifadhi ya Mlima Kenya. "Mwanasha, wewe ni duka, nyumba, duka, nyumba," aliniambia. "Utazeeka na hujaona kitu. Beba mtoto twende, aki." Mume wangu Mujahid yuko Doha, mwaka wa tatu huu, kwa hiyo sikuwa na wa kumwachia mtoto nyumbani. Jumamosi tukalala Chogoria. Jumapili asubuhi tukaingia msituni.

Vuli ilikuwa imeanza. Mianzi ilikuwa inadondosha maji ya mvua ya usiku, kisha ikaja miti mikubwa yenye ndevu za kijivu, kisha nyasi tupu, na mbele ya nyasi ziwa. Dogo, jeusi, limetulia. Virginia alibaki garini akimenya mayai. Mimi nikashuka na Shahida, nikapiga picha tatu. Ndipo ukungu ukashuka, na ulishuka wote mara moja.

Nilipogeuka, Shahida hayupo.

Niliita. Nikaita tena. Nilisikia maji yakigonga mawe, chap... chap... nikajua ziwa liko karibu, ila sikujua liko upande gani. Hofu ile ndiyo ya mwisho niliyowahi kuihisi, ndiyo maana naikumbuka vizuri. Nilitambaa kwa mikono na magoti nikipapasa mawe. Nilimwahidi Mungu kila nilicho nacho.

Mwanamke akatoka ukunguni, amemshika Shahida mkono.

Mwembamba, amejifunga leso mbili zilizolowa, miguu mitupu kwenye baridi ile. Viatu vya Shahida vilikuwa vinachuruzika maji.

"Alikuwa anaingia," alisema taratibu, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. "Nimemtoa."

Nilimkumbatia mwanangu, nikalia bila aibu. Kisha nikamuuliza mwanamke yule jina lake.

"Wewe kwanza," akasema.

"Mwanasha."

"Na mimi Mwanasha."

Kwetu Pwani, mwenye jina lako si mtu baki. Ni somo yako. Mnaitana somo mpaka mnazikwa, mnataniana, mnaazimana nguo, na somo akiomba hanyimwi. Kulisikia jina langu kule juu, kwa mtu aliyeniokolea mtoto, niliona nimeletewa ndugu. Mwingine angejiuliza huyu ametokea wapi. Mimi nilimpa mkono.

"Kumbe ni somo yangu! Basi changu ni chako, somo. Mwanangu huyu ni mwanao."

"Kwa moyo?"

"Kwa moyo wangu wote."

Aliushika mkono wangu kwa muda mrefu. Wake ulikuwa wa baridi, kisha ukaanza kupata joto. Wangu ukafa ganzi, kutoka vidoleni mpaka kiwikoni. Ukungu ukapasuka kidogo upande wa gari, Virginia akapiga honi, nikageuka. Nilipotazama tena palikuwa na ukungu tu.

"Sista yako amebaki?" Virginia aliniuliza tulipoingia garini.

"Sista gani?"

"Si huyo mlikuwa mnaongea. Mnafanana hadi inaogopesha."

Mimi sikuwa nimeona kufanana kokote.

Basi wiki ile ganzi ilipanda. Jumanne ilifika begani. Jumatano nilishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu, nikasikia harufu ya nyama inaungua kabla sijajua ni yangu. Alhamisi mteja alinitukana mbele ya watu, nami nikamkunjia dira lake vizuri nikamtilia mfukoni. Kila nilipopita kwa Virginia jioni kumchukua mtoto aliyeshushwa na basi la shule, jibu lilikuwa moja: "Si ulikuja kumchukua kitambo?" Nyumbani nilimkuta ameoga, ameshiba, anacheka peke yake. Mujahid akapiga simu kutoka Doha. "Jana umenichekesha, mke wangu. Miaka mingapi hatujaongea vile?" Jana yake sikuwa nimeongea naye. Nikamwambia haya, usiku mwema.

Nilijua kuna balaa. Nilijua pia kwamba nampenda mwanangu, lakini nilijua kama mtu anavyojua namba yake ya simu. Asubuhi ya Ijumaa sikumpeleka shule. Nilimwacha kwa Virginia kwa saa mbili, nikaenda mjini kwa maalim Mbarak aliyenifundisha Kurani kwetu nikiwa mdogo; siku hizi chuo chake kiko huko, ghorofani. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwambia kwa moyo?"

"Kwa moyo, maalim."

Akavua miwani. "Viumbe wale hawaibi, mwanangu. Wanapokea."

"Yeye ni nani?"

"Sijui. Huenda ni jini wa maji. Huenda alikuwa mtu, naye aliwahi kukutana na somo yake." Alinong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu. "Leo Magharibi atabisha, maana ili amchukue kabisa lazima umfungulie mwenyewe. Usifungue. Mwambie, 'Mtoto ni wangu na kauli yangu nimeirudisha.' Lakini useme kwa moyo, Mwanasha. Uliloahidi kwa moyo hutaliondoa kwa mdomo mtupu."

Nilirudi nikamchukua Shahida. Nilifunga mlango wa mbele, nikafunga wa nyuma, nikakaa naye kwenye kochi. Nilimshika mkono mchana kutwa. Sikuuachia hata nilipokunywa maji. Nilijiambia kwamba huyu simtoi, nami nilijua hilo ndilo neno linalofaa kusemwa.

Jua likazama.

Harufu ya matope ikaingia chini ya mlango...

"Hodi, somo."

Sauti ilikuwa yangu.

"Mtoto ni wangu," nikasema. "Kauli yangu nimeirudisha."

Harufu haikuondoka.

"Sema kwa moyo," akanong'ona. Hakuwa ananidhihaki. Alisema kama mtu aliye tayari kufukuzwa, mradi afukuzwe ipasavyo.

Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu. Maneno yalitoka yamepangika, kama ya mtangazaji anayesoma habari za vifo redioni. Nilitafuta ndani yangu ile hofu ya ziwani, hata ule uchungu wa kumzaa. Hapakuwa na kitu.

Nje akaanza kulia.

"Somo... mtoto anachemka."

"Nini?"

"Ana homa. Tangu adhuhuri. Umemshika mkono mchana wote, hujasikia?"

Nikamtazama Shahida. Midomo imekauka. Macho yamegeuka. Anatetemeka mpaka meno yanagongana. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wangu. Nikaweka shavu langu kwenye paji la uso wake.

Sikusikia joto. Sikusikia chochote.

"Mama..." akaita, macho ameyafumba.

"Abee, mwanangu!"

Aliyeitika alikuwa nje.

Mimi nilikuwa bado nafikiria niitike vipi.

Nikafungua mlango.

Alinipita bila kunigusa. Alimbeba mtoto, akamfunika kwa leso yake, akakimbia naye barazani akimwita Virginia, machozi yanamtiririka kwenye uso ambao sasa hata mimi niliutambua. Virginia akatoka na funguo za gari. "Woiye, Mwanasha, mlete haraka, twende hosi!" Alimwambia yeye. Kisha akaniona nimesimama ukutani. "Na wewe, madam, tusaidie kufungua geti."

Nikawafungulia geti.

Shahida alipona. Nimesikia ilikuwa nimonia, na kwamba wangechelewa kidogo tu angekufa. Mimi siku hizi nakaa Mutuini, chumba cha kupanga nyuma ya shamba la sukumawiki la mzee Gichuru. Aliponiuliza jina nilimwambia aniite apendavyo, akaamua kuniita jirani. Kwenye kioo naona uso, ila siwezi kukwambia ni wa nani. Ukinihurumia, asante, lakini siteseki. Jumamosi natembea mpaka Jamhuri, nakaa nje ya geti, kwenye benchi ya fundi viatu anapokuwa hayupo. Siendi kwa sababu ya uchungu. Naenda kwa sababu najua ningetaka kwenda.

Jumamosi iliyopita Shahida alitoka peke yake, anaruka kamba, ushungi wake mweupe umeteleza mabegani. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Akasimama mbele yangu, akanyoosha mguu.

"Anti, nifungie tafadhali."

Nikapiga magoti. Ilibidi niangalie vidole vyangu ili nijue vinafanya nini. Nilifunga mafundo mawili ili isifunguke tena.

"Asante, anti."

Akatabasamu. Jino la mbele limeng'oka. La kwanza hilo. Sijui lilitoka siku gani, wala nani alimnyanyua alitupe juu ya paa. Nikawa nafungua mdomo nimuulize, lakini aliitwa kutoka ndani ya geti, kwa ile sauti iliyokuwa yangu, akaitika, akaenda mbio.