Dashibodi Si Foronya

Kwa maelezo ya Mama Dirisha, jirani yetu wa ukuta mmoja, mambo yalikuwa hivi: Jumatatu, jua la utosi, mimi na mwanamume wa umri wa kunizaa tulijifungia ndani ya gari uani kwetu. Vioo juu. Hatusemezani. Tumekaa tunatazama mbele kama watu walio sinema, jasho linatutiririka. Halafu, anasema Mama Dirisha, tukashuka tunacheka, mwanamume akaninong'oneza jambo, nami nikakimbilia ndani kuchukua taulo.

Sitamwita mwongo. Yote aliyoyaona yalikuwepo, hata taulo, ingawa si kwa mpangilio huo. Ila aliyaona dirishani, na dirisha haliulizi maswali.

Habari ikafika karakana ya mchumba wangu kabla ya alasiri. Wanamwita Maridadi, fundi wa viti vya magari ambaye hata akishinda kwenye sponji na gundi, shati lake halina doa. Miaka miwili nilimshonea ngozi za viti na za dashibodi hapa nyumbani kwa cherehani yangu. Mimi nashona, yeye anabandika, sifa zinabaki karakana. Sikulalamika. Nilikuwa nampenda, na Jumamosi ile watu wake walikuwa waje kwa baba yangu mdogo kuleta posa.

Saa tisa simu yangu ikalia. Ujumbe: "Nimeambiwa ulikuwa na nani leo mchana. Dada yangu nimemwambia aache kujiandaa. Jumamosi msitutegemee."

Hakuna "eti ni kweli?" Hakuna hata jina langu.

Mama alisoma juu ya bega langu.

"Mpigie, mwanangu. Jieleze."

"Anayejieleza ni aliyeulizwa, mama. Mimi nimehukumiwa."

"Mwanamume akiwaka hupozwa. Utabaki na cherehani yako hapo."

"Yenyewe haijawahi kusikiliza habari zangu kwa jirani."

Mama akaguna, akaenda zake jikoni. Alikuwa ameshawaalika dada zake wote.

Sasa nieleze na mimi nilichokiona, maana nilikuwa ndani ya gari, si dirishani.

Yule mwanamume ni dereva. Mara tatu kwa wiki anawapeleka wagonjwa wa figo hospitali kusafishwa damu. Mwezi uliopita Maridadi alimvalisha dashibodi ngozi nyeupe ya maziwa, inang'aa kama sahani ya wageni. Tangu hapo mzee wa watu akawa haoni njia vizuri mchana. Akarudi karakana kuuliza. Maridadi akamjibu, "Mzee, macho hayo yamechoka. Nunua miwani." Akanunua kweli! Na bado wiki iliyopita, mgonjwa akiwa nyuma, nusura amkumbe mwendesha baiskeli.

"Mwanangu," aliniambia Jumatatu ile, "wewe ndiye unayemshonea. Hebu kaa humu uone ninachokiona."

Nikakaa. Vioo tukavipandisha, kama anavyoendesha akiwa na wagonjwa, wasivute vumbi. Nikatazama kioo cha mbele kwa utulivu, sikusema kitu. Na pale kwenye kioo, mbele ya uwanja wetu, nikaiona dashibodi. Ngozi nyeupe yote imepanda kiooni, mshono wangu kwa mshono wangu, imeufunika ulimwengu kama ukungu. Nikakimbilia taulo langu jeusi, nikalitandaza juu ya dashibodi. Ukungu ukafutika.

"Kumbe!" mzee akacheka mpaka akashika mlango. Akaninong'oneza, "Usimwambie mtu nimelipia miwani."

Papo hapo nikampigia Maridadi.

"Hiyo rangi inarudi kwenye kioo. Ni hatari. Lete ngozi nyeusi isiyong'aa tuibadilishe."

"Nani kakufundisha magari?"

"Nimekaa ndani, nimeona kwa macho yangu."

"Sikiliza, mpenzi. Wewe ni wa cherehani. Dashibodi si foronya."

Akakata. Saa moja baadaye ndipo Mama Dirisha alipofanya kazi yake.

Basi nikamjibu ujumbe wake mstari mmoja: "Alhamisi saa sita mchana njoo kwetu. Uje na dada yako." Kisha nikaweka simu kabatini, nikachukua bisibisi.

Mzee aliniachia gari, akaazima la mwenzake la kubebea wagonjwa. Skrubu kumi na nane. Kila moja niliilaza kwenye shimo lake la trei ya mayai, nikaandika pembeni ilikotoka. Dashibodi nikaitoa nzima, nikailaza kwenye meza ya kulia chakula, mama akala chakula mapajani siku tatu. Nikabandua ile nyeupe polepole isichanike. Nikapiga msasa gundi yake mpaka nikafika chini. Nikakata kiolezo kwa karatasi za mifuko ya saruji, nikashona ngozi nyeusi isiyong'aa.

Gundi ndiyo inayowashinda wengi. Unapaka pande zote mbili, halafu unakaa. Ukiwahi, inateleza. Ukichelewa, haikubali. Unagusa kwa kidole. Isiposhika kidole, ndipo itashika kazi. Nilianzia katikati kwenda nje, nikaipasha ngozi kwa kikausha nywele nilichoazima saluni, nikaisukuma kwenye pembe kwa mgongo wa kijiko.

Simu haikulia Jumanne. Jumatano haikulia. Mama alipita akatazama, akatazama tena.

"Hii umeifanya wewe?"

"Mimi."

Akavuta kiti, akakaa pembeni yangu. Hakusema tena nimpigie mtu.

Alhamisi saa sita walikuja. Dada yake alisimama getini na mkoba kwapani.

"Karibu, wifi."

"Usiniite wifi. Tumekuja kwa heshima ya mama yako tu."

Maridadi hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akachungulia, akageuka.

"Nani kagusa kazi yangu?"

"Mimi."

"Mwenye gari kakuruhusu?"

"Nimemwomba na nimembembeleza!" mzee akadakia kutoka kibarazani, miwani yake puani.

"Ingia," nikamwambia Maridadi. "Kaa kwa dereva. Wifi akae nyuma, asije naye akasimuliwa."

Dirisha la jirani likafunguka. Nikapunga mkono.

"Mama Dirisha, leo tuko watatu! Hesabu vizuri!"

Nikakaa kushoto kwa Maridadi, tukapandisha vioo. Ile ngozi nyeupe niliyoibandua nikaitandaza juu ya dashibodi mpya, ikaifunika yote.

"Tazama mbele. Unaona nini?"

Akapepesa macho.

"Sema, na dada yako asikie."

"Naona ngozi."

"Iko wapi?"

"Kiooni."

"Na mbele ya gari amesimama nani?"

Akakunja macho. Akainama kushoto, akainama kulia. "Hakuna mtu."

Nikaivuta ile ngozi kwa mkupuo mmoja.

Hatua sita mbele yetu, kwenye kivuli cha ukuta, alikuwa amesimama mama yangu na ndoo mkononi. Alikuwa hapo tangu nilipotandaza ngozi.

"Mungu wangu," dada yake akasema nyuma. "Hata mimi sikumwona."

Maridadi alikamata usukani kama gari linatembea. Jasho likamshuka, likaingia kwenye kola ya lile shati lake.

"Ndivyo tulivyokaa Jumatatu," nikamwambia. "Mzee alikuwa hapo ulipo wewe. Na taulo lilikuwa la kufunika ngozi hii."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikupigia. Ulinijibu nini?"

Dada yake akamgonga bega kwa mkoba.

"Umeulizwa!"

"Nilisema... dashibodi si foronya."

"Mimi alinituma kununua miwani," mzee akasema nje, akavua miwani. "Nani anainunua? Haijatumika sana."

Mama akacheka kwanza, kisha dada mtu. Maridadi akanyoosha kidole, akakipitisha kwenye pembe juu ya mishale ya mwendo. Ufundi ulishinda kiburi chake.

"Hapa umepitaje bila mkunjo?"

"Leo si siku ya somo. Nyeupe umewavalisha wangapi wengine?"

"Watatu."

"Wapigie."

"Kesho asubuhi nita..."

"Leo wako barabarani. Simu unayo mfukoni. Weka sauti kubwa."

Tukashuka. Akasimama katikati ya uwanja, akapiga. Wa kwanza alimtukana kidogo. Wa pili alisema kumbe ndiyo maana mkewe anakataa kukaa mbele. Wa tatu, mwanamke mwenye sauti nzito, akamuuliza:

"Wewe si uliniapia hiyo ndiyo rangi ya wenye akili? Nani kakuzindua?"

Maridadi akanitazama.

"Mchumba wangu. Kama bado ananikubali."

"Huyo anajua magari?"

"Kunishinda. Hilo gari lako atalivalisha yeye, kwa jina lake. Mimi nitamshikia taa."

"Basi mlete huyo huyo, wewe sikuhitaji," yule mama akasema, akakata.

Dada yake akapiga kigelegele kimoja kirefu, akanishika mkono. "Wifi," akasema, na safari hii neno lilitoka tumboni.

Maridadi akazima simu. Akasogea mpaka tukawa hatua moja, mbele ya mama yangu, mbele ya mzee, mbele ya dirisha lililo wazi.

"Niliamini jirani, sikukuuliza wewe. Hilo ni kosa langu, si la Mama Dirisha. Sasa nakuuliza, nami nitasubiri jibu lako, hata likichelewa." Akarudisha simu mfukoni. "Jumamosi tuje?"

Uwanja mzima ukanigeukia. Nikamtazama usoni, taratibu, kama ninavyotazama kazi kabla sijaigusa.

"Mjibu basi, mwanangu!" Mama Dirisha akapaza sauti. "Mboga yangu inaungua huku!"