Malkia wa Jioni

"Nyumba haina shida hata moja, bosi wangu. Shida ni jirani."

Dalali alisema hivyo akiwa amesimama katikati ya sebule tupu, funguo zikining'inia kidoleni. Fundi alikuwa jikoni akijaribu bomba. Maji yalitoka vizuri. Akafunga, akajipangusa mikono kwenye suruali, akatoka.

"Jirani gani?"

"Wa nyumba ya mwisho, hii mtakayopakana nayo ukuta. Mwanamke anaishi peke yake. Hana kelele, hana mbwa, hana wageni. Ila ana roho ngumu huyo! Mimi kazi yangu ni kusifia, sasa ukiona dalali anaponda, ujue mambo yameharibika."

"Sasa mbona unaniambia?"

"Wateja wawili wamenikimbia baada ya kuuliza dukani. Bora wewe uanze kuyasikia kwangu."

Fundi alicheka kidogo. Hakuwa mtu wa kucheka siku hizi. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kushinda ndani ya mashimo marefu ya maghorofa, akisikia watu wanaongea na kucheka nyuma ya milango asiyoifungua. Jioni alirudi kwenye chumba cha kupanga chenye kitanda kimoja, kiti kimoja na redio aliyoiacha ikiongea ili chumba kisimwelemee. Alikuwa na mke zamani. Waliachana, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza amekula nini.

Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Alikuwa dada yake mkubwa.

"Umeiona? Usitoe jibu kabla hujauliza sifa za mtaa. Kuta utapaka rangi, majirani utawapaka nini?"

Akajibu: "Naenda kuuliza sasa hivi."

Duka lilikuwa mwanzoni mwa mtaa, na mtaa wenyewe ulikuwa wa upande mmoja tu. Huku nyumba, kule ng'ambo ukuta mrefu wa shule. Mwenye duka, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa akipima sukari. Kinyozi wa jirani alikuwa amekalia benchi la nje akisubiri vichwa.

"Mama, nataka kununua nyumba ile ya geti la kijani. Nimekuja kuuliza, mtaa huu ukoje?"

"Karibu, baba! Mtaa huu ukiugua uji unakukuta kitandani kabla hujaita mtu. Mimi nilipovunjika mguu, duka aliliuza huyu kinyozi. Akanitia hasara, lakini aliliuza."

"Hasara gani, Mama Duka? Nilikuwa nawapa wateja nyongeza," kinyozi alijitetea.

"Wizi je? Ugomvi?"

"Wizi wa ndala, basi. Ugomvi hatuna." Mama Duka akaweka sukari chini, akainama juu ya kaunta. "Ila ukinunua pale, utapakana na Malkia wa Jioni."

"Ndiye nani huyo?"

"Asubuhi ni binadamu kamili," kinyozi akadakia. "Anapita kule ng'ambo kando ya ukuta, anatupungia, 'Habari za asubuhi? Watoto hawajambo?' Sasa ngoja arudi jioni! Utamsalimia mpaka koo likauke. Anapita kama anayesalimiwa ni nguzo ya umeme."

"Kila jioni?"

"Kila jioni ya Mungu," alisema Mama Duka. "Binti yangu alipofaulu tulifanya sherehe hapa hapa. Nikamwita njoo ule keki, nimepaza sauti mpaka walimu wakachungulia getini. Hakugeuza hata shingo. Niliumia, baba. Nikaapa. Siku hizi asubuhi akinisalimia namjibu nusu, naye apate kidogo cha kwake."

"Labda anachoka kazini."

"Wote tunachoka! Anapima damu maabara, hospitali. Wengine wanasema huko anakunywa. Huyu anasema ana majini yanayopanda jua likizama."

"Mimi nilisema labda," kinyozi alinong'ona.

Fundi alikumbuka kazi ya aliyekuwa mke wake. Maabara. Akautazama ule ukuta wa shule. Mtu akitoka asubuhi kando yake, duka linakuwa kulia kwake. Akirudi, linakuwa kushoto.

"Huyo anakuja," Mama Duka alisema. "Usituamini sisi, jionee mwenyewe."

Mwanamke aliyevaa sketi ya kijivu, mkoba begani, alikuwa ameingia mtaani. Alitembea karibu kabisa na ukuta, macho yake barabarani, akizichunga pikipiki zilizokuwa zikipita karibu naye.

"HABARI ZA JIONI, JIRANI!" Mama Duka alipaza.

Pikipiki ikapita. Mwanamke akapita. Hakugeuka.

"Umeona?"

Fundi alikuwa ameona. Aliijua ile shingo na ule mwendo wa kukanyaga taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto. Alikuwa mke wake wa zamani.

Tena alijua kitu ambacho mtaa mzima haukukijua. Sikio la kushoto la mwanamke huyo lilikufa kwa homa akiwa mdogo. Halisikii hata mlango ukibamizwa. Hiyo ilikuwa siri yake. Alimwambia mtu mmoja tu maishani, tena kabla ya kuolewa, akamwapisha asimwambie yeyote. Mtu huyo ndiye aliyeitoa siri nje, mbele ya ukoo mzima, nyumbani kwa dada yake. Mjomba alikuwa anamwita mke wa Fundi apokee sahani, anaita na kuita, naye hasikii. Fundi, akitaka kuchekesha watu, akasema, "Mjomba usijichoshe, upande huo duka limefungwa, zunguka mlango wa pili!" Watu walicheka. Dada yake alicheka mpaka akashika ukuta. Mke wake naye alitabasamu, akapokea sahani, na haikupita wiki akahama.

"Baba, mbona umenyamaza?" Mama Duka aliuliza.

Sentensi moja tu. Angeisema pale, mambo yote yangekwisha na Mama Duka angelia kwa aibu. Fundi alifungua mdomo.

"Yule mama..."

"Enhe?"

Akaufunga. Ilikuwa siri ile ile, na mdomo ule ule.

"Nimeshaona, mama. Asante."

Alitembea mpaka nyumba ya mwisho. Akabisha hodi. Mlango ulipofunguliwa, mwanamke alimtazama bila kupepesa.

"Wewe."

"Mimi."

"Nani kafa?"

"Hakuna. Nilikuja kuangalia nyumba ya kununua. Hii ya jirani. Wallahi sikujua unakaa hapa."

"Sasa umejua. Tafuta nyingine."

"Nitatafuta. Ila nina neno moja, halafu naondoka."

Mwanamke alifikiri, kisha akamwachia nafasi ya kupita. Chumba kilikuwa safi mno, chenye meza ndogo na kikombe kimoja kilichofunikwa kisosi. Kiti kilikuwa kimoja. Fundi alisimama. Bila kufikiri alikuwa ameshazunguka akasimama kulia kwake, kama zamani. Mwanamke aliliona hilo, akaangalia pembeni.

"Sema neno lako."

"Unawaonaje watu wa mtaa huu?"

"Wananichukia," alijibu upesi, kama aliyengoja muda mrefu kuulizwa. "Sijui nimewakosea nini. Kila asubuhi nawasalimia wote. Mwanzoni waliitikia vizuri, sasa hivi wananijibu kama nimewatukania wazazi. Jioni ndio hakuna hata mmoja wa kusema na mimi. Napita kimya, naingia ndani, nafunga. Niliumwa juzijuzi siku tatu. Huyo Mama Duka anampelekea uji kila mgonjwa. Kwangu hakufika."

Alikishika kikombe kile kimoja. Fundi alitamani kumshika mkono, hakuthubutu.

"Jioni wanakusalimia," alisema.

"Nani?"

"Wote. Kila siku. Unaporudi, duka liko kushoto kwako. Nimeketi pale leo, nimeshuhudia. Mama Duka amekuita kwa sauti ya kubomoa nyumba, wewe umepita."

Mwanamke alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Leo?"

"Leo. Siku binti yake alipofaulu alikuita ukale keki."

"Niliiona ile sherehe," alisema polepole. "Nilipofika hapa nikageuka, nikawaona wanakata keki. Nikasema moyoni, hata kunikaribisha hawakunikaribisha. Nililia siku ile. Mtu mzima mimi, nililia kwa ajili ya keki."

Mtaani watoto walikuwa wakiitana.

"Na wewe umewaambia," alisema ghafla, uso ukibadilika. "Umewaambia, sivyo? Wamecheka?"

"Sikuwaambia."

"Usinidanganye."

"Walikuponda mbele yangu, ulevi, majini, sijui nini. Maneno yalifika hapa." Fundi aligusa midomo yake. "Nikayameza. Si yangu kuyasema. Hayakuwa yangu hata siku ile kwa dada."

"Siku ile ulisema ulikuwa unatania tu."

"Nilisema hivyo, ndiyo. Nilikuuza ili watu wacheke. Nimekaa peke yangu muda wa kutosha kulijua hilo."

Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta.

"Uziwi niliupata utotoni, nikauzoea," alisema. "Kicheko chako ndicho kilichonishinda. Nenda, baba. Nakuomba. Na nyumba hiyo usinunue. Siwezi kukuona kila siku."

"Sawa."

Fundi alitoka. Njiani alimwandikia dalali: "Nyumba nimeiacha."

Dalali akajibu papo hapo: "MALKIA!! Nilijua tu. Huyu mama atanilaza njaa."

Siku zikaenda. Fundi alirudi kwenye mashimo yake, akapaka grisi, akakaza nyaya. Kila lifti ilipopita na sauti za watu, alizima tochi na kusikiliza kidogo, kisha akaiwasha. Dada yake alipiga akauliza kuhusu nyumba. Alimwambia mtaa haukumfaa. Hakumwambia kwamba ni yeye asiyeufaa mtaa.

Mchana mmoja, akiwa juu ya paa la lifti, simu ikaita. Namba hakuwa ameihifadhi, lakini aliijua kwa kichwa.

"Haloo?"

"Nimewaambia," sauti ilisema.

Fundi alikaa chini palepale kwenye vyuma.

"Umewaambia akina nani?"

"Mama Duka. Jana narudi, nilipofika sawa na duka nikasimama. Moyo unanidunda. Nikavuka barabara, nikaenda mpaka kaunta, nikamwambia, 'Mama, sikio hili halisikii tangu utotoni. Kama uliniita jioni yoyote, sikukusikia. Sikukudharau.'"

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Aliacha mteja na chenji yake, akatoka nje ya kaunta, akanizunguka, akauliza, 'Linalosikia ni hili?' Nikamwambia ndiyo. Akaniinamia hapo karibu kabisa, akasema, 'Habari za jioni, mwanangu.'"

Alikuwa analia. Fundi naye alijifuta uso kwa mkono wenye grisi.

"Halafu?"

"Halafu tukalia kama wajinga. Kinyozi akaja, akadai yeye hakusema majini, alisema labda. Usiku uji ukaletwa. Nikawaambia siumwi. Wakasema ni wa ile mara niliyoumwa."

Fundi alicheka kwa sauti, mwangwi ukashuka shimo lote la lifti.

"Nimefurahi sana," alisema. "Sana, bibie."

"Dalali alipita. Anasema ile nyumba bado haijapata mtu."

"Ndiyo?"

"Usiinunue."

Furaha ikamshuka. "Nilishakuahidi. Sitainunua."

"Nisikilize vizuri. Majirani sasa ninao mtaa mzima, wananichosha. Tangu asubuhi nimesalimiwa mpaka taya linauma. Sihitaji jirani mwingine." Akashusha sauti. "Nilichokosa ni mtu wa ndani."

Fundi aliibana simu sikioni.

"Upo?"

"Nipo."

"Ila sitakupokea mlangoni kimyakimya kama mwizi. Mlinicheka mbele ya watu, mtaniomba radhi mbele ya watu. Wewe na dada yako, mje sebuleni kwangu, Mama Duka akiwa amekaa anawatazama. Mkishindwa, tuachane salama."

"Nitakuja."

"Na dada yako?"

"Nitamleta hata kwa kumbeba."

Alipokata simu, Fundi hakushuka. Alipiga nyingine palepale.

"Dada. Jumamosi usipange kitu. Tunakwenda mahali kuomba radhi."

"Kwa nani tena? Umegombana na mwenye nyumba?"

"Kwa wifi yako."

Upande wa pili kukawa kimya. Dada huyu hakuwa mtu wa kukosa maneno, hata misibani aliongea yeye.

"Yule tuliyemcheka?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Huyo huyo."

"Kakubali tuende?"

"Kakubali."

Dada alivuta kamasi. "Mwambie sitasubiri Jumamosi," alisema. "Niambie tu huo mtaa uko wapi, nivae viatu."