Waya Mwembamba Kwenye Mashua ya Baba

Mota ilizima nikiwa katikati ya bwawa, peke yangu, nimesimama kuvuta samaki mkubwa aliye kwenye ndoano.

Nikafungua boksi la betri. Humo ndani nikakuta waya ambao sikuuweka mimi.

Mweupe, mwembamba. Umefungwa tepu mpya, nadhifu, kwa mkono ninaoujua tangu utotoni.

Mkono wa dada yangu wa damu...

Wadau, kabla hamjaanza kunishauri kwenye komenti, someni mpaka mwisho. Nimechoka, siwezi kurudia.

Mimi ni mvuvi. Ndiyo, mwanamke mvuvi, hiyo mada tulishaimaliza. Navua kwenye bwawa ambalo mji mzima unakunywa maji yake, kwa hiyo injini za petroli haziruhusiwi. Tunatumia mota ndogo ya umeme inayofungwa nyuma ya mashua. Inakwenda polepole, kimya, huku ndoano zinakokotwa nyuma.

Yangu inakula betri mbili. Chanya ya hii unaiunga kwenye hasi ya ile, halafu waya mnene unatoka, unapita kwenye fyuzi, unaingia kwenye mota. Basi. Hata ukiniamsha usingizini naifunga.

Huo usingizi wenyewe ndio sina. Mtoto anaota meno. Mume wangu anaoka mikate kiwandani, zamu ya usiku. Kwa hiyo usiku mtoto ni wangu, asubuhi nampokeza baba yake, mimi naingia majini. Tunapishana mlangoni kama walinzi wanaobadilishana lindo.

Mashua ni ya baba. Baba alifia kwenye bwawa hilihilo. Mimi nikabaki na mashua, dada akabaki na ufundi wake wa umeme. Tangu msiba, dada ana wimbo mmoja tu: uza hiyo mashua. Namwambia siuzi. Ananuna, anaondoka, wiki ijayo anarudi na wimbo uleule.

Mume naye ana wimbo wake. Vaa jaketi la kuelea. Jifunge kamba. Kuna siku aliniletea kamba ya kuvaa mkononi, ncha nyingine inafungwa kwenye mota. Niliitupa majini mbele ya macho yake. Nikamwambia mimi si mbuzi.

Haya, turudi kwenye waya.

Dada ndiye aliyenifundisha sheria ya kwanza ya hii kazi: mota inavuta umeme mwingi, waya mwembamba usiubebeshe mzigo huo. Utapata moto, plastiki itayeyuka, mwisho utawaka. Na mashua yangu ni ya mbao, betri ziko chini ya kiti ninachokalia.

Fundi kama yeye hawezi kusahau jambo hilo. Kwa hiyo hakusahau.

Sikilizeni na hii. Jana yake nilitoka dukani nikawakuta uani, yeye na mume wangu, wamechuchumaa kando ya boksi la betri nililoleta nyumbani kuchaji, vichwa vimekaribiana. Waliponiona wakanyamaza. Mume akaficha mto wa kiti changu nyuma ya mgongo, eti wanauanika. Mawingu yametanda kila mahali, wao wanaanika.

Nikapiga hesabu zangu palepale bwawani. Dada anataka mashua itoweke. Mume ana siri na dada. Na mimi ndiye ninayekalia betri.

Samaki alishakata mshipi akaenda zake. Nilitamani kuung'oa ule waya, ila koleo nililoazima kwa dada nililiacha nyumbani. Nikakaa, nikarudisha mpini wa mota sifuri, nikawasha tena. Ikawaka. Nikarudi nchi kavu nikinusa moshi njia nzima, na moshi haukuwepo.

Nilipofika nikampigia dada. Nikamuuliza waya mweupe ni wa nini.

Badala ya kujibu, akasema:

"Usiuguse huo waya, mdogo wangu. Nakuja tuongee."

Nikakata simu. Mtu asiye na hatia hujibu swali.

Mume nilimkuta kalala, mtoto kifuani. Nikamwamsha nikamuuliza swali lilelile. Akakaa kitandani, akajifuta uso, akaangalia ukuta.

"Muulize dada yako."

"Nakuuliza wewe."

"Nikikuambia utakasirika."

Nyie! Mwanamume akikuambia hivyo, huna tena cha kuuliza. Nilimwambia akusanye nguo zake, nikirudi nisimkute. Hakubisha hata kidogo. Alikaa tu anampapasa mtoto mgongoni, na uchovu ulioko usoni mwake ulikuwa wangu kabisa. Hilo liliniuma kuliko yote, kwamba hata wa kugombana naye vizuri sikuwa naye.

Nikachukua koleo, nikarudi bwawani. Mchana ule ule. Sikutaka dada anikute pale, anianzie maneno yake ya pole pole.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nivuke upande wa pili kwenye kivuli, niung'oe ule waya, nirudishe mambo yalivyokuwa enzi za baba. Halafu nilie, nikipata nguvu ya kulia.

Nikawasha mota. Nikakaa kitini, koleo mkononi. Jua lilikuwa linachoma mabegani, maji yametulia, na mota inanguruma chini chini, ule mngurumo unaokubembeleza. Nakumbuka nilifikiria nifumbe macho kidogo tu.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni maji puani.

Nilikuwa nimetumbukia. Nguo nzito, kandambili zimekwenda, jaketi nimeliacha nyumbani limening'inia mlangoni. Nikapiga miguu, nikaibuka, nikatapika maji. Na wakati huo huo akili ikaniambia kitu kimoja tu: mota hukuizima.

Lazima niwaambie baba alikufaje. Sisi nyumbani hatulisemi.

Baba alikuwa anaogelea kuliko sisi sote. Siku ile alisimama kuvuta samaki, mguu ukateleza, akaanguka. Mota inazunguka. Mashua yake ilikutwa ng'ambo, imejichomeka kwenye matete, na mota bado inahangaika kusukuma. Yeye alikutwa mbali, huku nyuma. Waliomtoa walisema mikono ilikuwa imekakamaa. Alikuwa ameifukuzia mashua yake mwenyewe mpaka pumzi ikaisha.

Basi nikageuka kuitafuta mashua kule mbali, inakoenda kuniacha.

Haikuwa mbali.

Ilikuwa pale pale. Imesimama, mota kimya, inatikisika kidogo kwa mawimbi niliyoyapiga mimi.

Nikaogelea nikashika ubavu wake. Sijui nilining'inia pale muda gani. Nikajivuta, nikaangukia ndani, nikalala chali kwenye mbao zenye magamba ya samaki.

Nikaunyanyua mto wa kiti. Chini yake kulikuwa na swichi, bapa, pana kama kiganja. Waya mweupe ulikuwa unatoka hapo.

Nikakaa juu yake, nikarudisha mpini sifuri, nikawasha. Ikawaka. Nikainuka. Ikazima.

Nikakaa tena. Nikalia sasa, kwa sauti, hakuna wa kunisikia.

Nilipofika nchi kavu walikuwa wamesimama wote. Mume na mtoto, hajakusanya hata soksi. Dada na mkoba wake wa vifaa, viatu vimejaa tope, maana alikimbia njia ya mkato.

Dada akaniangalia kuanzia nywele mpaka miguu pekupeku.

"Umelowa," akasema.

"Nimelowa."

Hakuuliza tena. Alikaa chini kwenye tope na suruali yake safi ya kazini, akafunika uso. Dada yangu hata msibani hakulia.

Baadaye, nikiwa nimevaa shati la mume wangu, alinieleza. Waya mwembamba haubebi umeme wa mota. Unabeba amri tu, unaipeleka kwenye kiboksi cheusi kilicho nyuma ya betri, na hicho ndicho kinachobeba mzigo. Mimi kwa hasira zangu kiboksi sikukiona. Mtu akiwa kitini, umeme unapita. Akitoka, unakatika. Wazo lilikuwa la mume wangu, siku ile nilipotupa kamba, ambayo nayo ilikuwa ya kuzima mota mtu akianguka. Alimfuata shemeji yake akamwambia, huyu hakubali kufungwa, basi tuifunge mashua.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Mume ndiye aliyejibu. "Ungeing'oa."

Nikatazama mkono wangu wa kulia. Nilikwenda kule na koleo kwa ajili hiyo hiyo.

Msidhani yaliisha kwa kukumbatiana. Niliwachambua wote wawili. Mota inazima katikati ya bwawa sijui kwa nini, nahangaika na boksi huku nimeinama ukingoni, je ningetumbukia kwa sababu ya hiyo hiyo dawa yenu? Dada akakubali. Mambo ya usalama hayafichwi kwa mwenye chombo. Siku hiyo hiyo alibandika tepu nyekundu juu ya swichi na kunionyesha kila nati. Kuhusu kuuza mashua, wimbo umekwisha. Ila jaketi sasa navaa, na mume ameomba zamu ya mchana, anasubiri jibu.

Kuna rafiki yangu nilimsimulia, akasema bahati yako una watu wanaokupenda. Sawa. Lakini mimi nimekaa na jambo lingine.

Ndugu msomaji, ukiona watu wako wanakutendea wema kwa kujificha, usikimbilie kuwauliza wanaficha nini. Anza kujiuliza wewe unaambilika kiasi gani. Kulikuwa na watu wawili waliokuwa tayari nidhani wana uhusiano, nivunje ndoa, niwatukane, mradi tu mashua isinikimbie.

Na dada anataka koleo lake. Kila siku ananiuliza liko wapi.

Liko chini ya bwawa, dada. Liache huko huko.

Sasa niacheni, mtoto kalala, na mimi nikalale.