Ruhusa ya Kusoma Tu

Kila alfajiri, mtambo ulioitwa Mratibu ulirusha mawimbi ya nishati juu ya jiji la Umbani, na visukumadamu vyote vilivyopandikizwa vifuani mwa wagonjwa vikajaa chaji kabla wenyewe hawajaamka. Waya hakuna, betri ya kubadilisha hakuna. Mratibu alisoma kanzidata ya jiji, kwenye jedwali la wakazi, na kila aliyeandikwa kuwa hai akapata mgao wake.

Asubuhi hiyo Mzee Ngoda hakupata.

Mkewe, Bi Mwanakombo, alimpigia simu Mhandisi Sikudhani, aliyevibuni visukumadamu hivyo. "Mwanangu, taa ya kifuani inawaka nyekundu! Na mzee wangu huyu jana tu alikuwa anacheza kwenye sherehe ya mjukuu wake."

Chaji ya akiba ingemfikisha magharibi, basi. Sikudhani alikimbilia Idara ya Kanzidata kwa Mkurugenzi Lukindo, mtu mpole asiyependa haraka.

"Nitakupa ruhusa ya kusoma tu, tena jedwali moja," Lukindo alisema huku akibonyeza. "Huwezi kuongeza, kufuta wala kubadili kitu. Ndiyo usalama wenyewe, Mhandisi."

Kanuni hiyo si mbaya. Mgeni akiomba maji hatumkabidhi funguo za nyumba nzima, na Sikudhani mwenyewe aliwahi kuisifu mbele ya wanafunzi wake. Akaingia, akatafuta jina, akasoma.

Ngoda Shekilindi. Hali: marehemu. Ushahidi: turubai, viti vya kukodi, masufuria makubwa, wanawake wakilia.

Sikudhani akaikumbuka sherehe ya mjukuu. Kamera za Mratibu angani zilikuwa zimeona watu wakimuaga bibi harusi: turubai limefunga barabara, pilau jikoni, na mashangazi wakiangua kilio binti alipoingia garini, kama mashangazi wafanyavyo tangu enzi. Mtambo ukasema huo ni msiba. Na kwa kuwa msiba lazima uwe na maiti, ukamchagua aliye mgonjwa kuliko wote nyumbani mle. Hivyo tu! Hakuna aliyebisha hodi kuuliza.

"Mkurugenzi, huyu mtu anapumua! Nipe ruhusa ya kuandika. Neno moja tu."

"Hata mimi sina. Tuliwanyang'anya binadamu wote, maana walikuwa wanawaandika ndugu zao wasiostahili. Sasa anaandika Mratibu peke yake. Peleka malalamiko, atayapitia kesho."

"Kesho tutakuwa makaburini!"

"Taratibu ni taratibu, Mhandisi."

Sikudhani akampigia Bi Mwanakombo simu ya video, akaigeuza skrini imtazame Lukindo. Mzee Ngoda alikuwa ameegemea mito, kofia kichwani, pumzi fupi.

"Huyo ndiye bwana mkubwa?" aliuliza. "Shikamoo ya kwako sijaisikia. Mwambie mtambo wako nina njaa. Maiti haina njaa."

Lukindo aliinamisha macho. "Shikamoo, mzee," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia Sikudhani. "Sibishi kwamba yu hai. Lakini jedwali halinisikilizi mimi."

Sikudhani aliandika malalamiko. Akapiga simu kila ofisi aliyoijua, akabembeleza, akatukana. Kila mmoja alimwambia kwamba naye amepewa kusoma tu. Jiji zima lilikuwa limejaa wasomaji wa jedwali lile, na hapakuwa na hata mtu mmoja wa kulisahihisha. Kati ya simu moja na nyingine aliusoma tena ule mstari. Hiyo ilikuwa haki yake kamili, na haikumfaa kitu.

Magharibi Bi Mwanakombo alipiga. Nyuma yake mashangazi wale wale walikuwa wanalia.

Lukindo alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Sikudhani. "Pole sana," alisema, na kwa kweli alionekana kusikitika. Akaikaribia skrini, akausoma mstari hadi mwisho.

"Basi yale malalamiko uyaondoe, Mhandisi," alisema. "Jedwali sasa liko sahihi."