Sauti Iliyokatwakatwa

Mtu alisafisha koo nyuma ya kiti cha Edgardo Nieves, mara mbili, taratibu, kama afanyavyo msomaji kabla ya kuanza kusoma. Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, jua la mji wa Kissimmee limewaka mpaka lami inanata, na Edgardo alikuwa peke yake chumbani, mlango ameufunga.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Mwaka ule kikohozi hakikuwa jambo dogo. Aliyekohoa dukani alitazamwa kama mwizi. Edgardo akatoka kumtafuta mama yake, Bi Carmín, akamkuta uani anaanika mashuka.

"Mama, umekohoa?"

"Nikohoe saa ngapi, na mimi niko huku? Unataka kunipa korona kwa mdomo?"

"Hapana, nimesikia mtu..."

"Umesikia njaa. Wali na mbaazi upo jikoni. Kale kwanza, hayo maandishi hayatakimbia."

Edgardo alikuwa mwandishi wa matangazo katika idara ya mawasiliano ya Orabela, bustani kubwa ya michezo iliyolisha nusu ya mtaa wao. Kazi yake ilikuwa kulipaka asali lisilomezeka. Watu wakifukuzwa, yeye aliandika kwamba wanaagwa kwa shukrani. Mwezi Machi bustani ilipofungwa, aliandika kwamba familia ya Orabela inapumzika kidogo, kila mtu atulie nyumbani, ataitwa. Septemba wakaitwa kweli, lakini si kurudi kazini.

Hapo ndipo dhambi ilipotendeka, na katika nyumba ile aliyeijua ni Edgardo peke yake.

Kwa miaka ishirini na tisa sauti ya Orabela ilikuwa ya mwanamke mmoja, Bi Eneida Rosario. Ndiye aliyewakaribisha watu langoni kwa vipaza sauti, ndiye aliyewaambia wakae vizuri kabla treni za mchezo, zile za kupinduka angani, hazijaondoka. Watoto waliopotea walinyamaza kulia wakimsikia. Basi mkurugenzi wa idara, Bwana Thornbury, akasema sauti ile watu wanaipenda. Habari mbaya nayo waipate kwa kinywa hicho hicho. Bi Eneida alipoombwa, alikataa.

"Mimi nasoma matangazo ya kuwakaribisha watu, mwanangu," alimwambia Edgardo kwenye simu. "Mkitaka kuwafukuza, wafukuzeni kwa vinywa vyenu."

Edgardo alipopeleka jibu hilo, Thornbury hakukasirika hata kidogo. "Kanda zake tunazo za karibu miaka thelathini," alisema. "Maneno yote yamo humo. Wewe kata tu."

Edgardo akakata. "Asante" akaitoa kwenye salamu za Krismasi. "Leo" akaitoa kwenye tangazo la gwaride. "Mwisho" ilitoka mahali Bi Eneida alipowaambia watoto kwamba huu ndio mwisho wa safari yetu. Akaunga neno kwa neno kwa siku nne. Pumzi zake zote, na kule kusafisha koo mara mbili kabla ya kusoma, akavitupa. Asubuhi ya Ijumaa simu elfu saba za wafanyakazi zikalia kwa pamoja, na ya Bi Eneida ikiwemo. Alifukuzwa kazi na sauti yake mwenyewe.

Nani angemsadiki kwamba hakusoma? Waliofukuzwa walimwita kibaraka. Walilipiga mayai gari lake. Aliyeumia kuliko wote alikuwa Bi Carmín, maana ndiye rafiki yake, miaka ishirini na miwili anafua mavazi ya vikaragosi vya Orabela, na kila adhuhuri wakila pamoja. "Kwangu mimi Eneida amekufa," alisema mezani jioni ile. Mwanawe akainamia sahani.

Siku ya tisa homa ikampata Eneida. Kutoka kitanda cha hospitali alimpigia Carmín mara kumi na moja. Carmín alikaa akiitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza yenyewe. Eneida akafa bila mtu ubavuni, kwa kuwa siku zile hakuna aliyeruhusiwa kuingia, na akazikwa na watu watatu. Tangazo la rambirambi la Orabela aliliandika Edgardo. Alilimalizia hivi: "Sauti yake itaishi nasi daima."

Jumanne ile Edgardo alikuwa ametia kijiko cha tatu cha wali mdomoni alipotambua kile kikohozi kilikuwa cha nani. Akasukuma sahani kando.

Kesho yake ikaja harufu. Yaritza, mke wa Edgardo, alirudi kutoka kwenye duka alilofanya kazi, akavua barakoa mlangoni na kukunja uso.

"Nani kajipaka dawa ya kifua humu?"

Ilikuwa spiriti iliyolowekwa majani ya malagueta, ile ambayo wanawake wa kisiwa walikotoka hujipaka wakiwa na mafua. Ilijaa ukumbini, ikajaa bafuni, na chumbani kwa Edgardo ilikuwa nzito mpaka macho yakatoka machozi.

"Eneida alikuwa akilowesha leso kwa dawa hii," Bi Carmín alisema polepole, akinusa. "Kwa ajili ya koo lake." Kisha akauma midomo, akaenda zake. Jina hilo hakuwa amelitaja tangu jioni ile alipomkana mezani.

"Edgardo," Yaritza alinong'ona, "mbona unatetemeka?"

"Kiyoyozi."

"Kiyoyozi kimezimwa."

Alhamisi, saa nne asubuhi, kulikuwa na mkutano wa idara kwa kompyuta. Kundi la pili la wafanyakazi lingepunguzwa, na Edgardo alitakiwa kuwasomea wakubwa tangazo aliloandika. Nyuso kumi zilimtazama kutoka kwenye kioo, Thornbury katikati na kikombe chake cha kahawa. Edgardo akafungua mdomo.

"Karibuni Orabela," alisema, kwa sauti ya mwanamke.

Thornbury akacheka. "Mzaha gani huu, Edgardo?"

Edgardo akauziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti ikapita katikati ya vidole, tamu, yenye ukarimu. "Mabibi na mabwana. Mkurugenzi wetu mpendwa. Thornbury. Yuko wapi? Yuko wapi? Tunamtafuta." Yule bwana aliacha kucheka. Mmoja wa wanawake mkutanoni, aliyefanya kazi na Eneida zamani, akapiga ishara ya msalaba na nyuso zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine.

Ijumaa alasiri mvua ya radi ilishuka kama kawaida ya huko, na ndani ya ile mvua Yaritza akapiga ukelele kutoka chumba cha mkwewe, Edgardo akakimbia akamkuta Bi Carmín ameketi wima kitandani, macho wazi lakini hayaoni, na kinywani mwake inatoka sauti ya Eneida, si kama mtu anavyozungumza bali kama ilivyoungwa, neno la furaha limegandamana na neno la huzuni, moja juu moja chini, asante, leo, mwisho, kazi, asante, na baina ya neno na neno hapakuwa na pumzi, kwa kuwa pumzi zote Edgardo alizikata akazitupa, na kifua cha mama yake kilipanda kikagoma kushuka, midomo ikageuka zambarau, na maneno bado yanamtoka, leo, mwisho, leo, mwisho, kama maji ya bomba lililopasuka ambalo hakuna ajuaye pa kulifungia.

Kisha yakakatika. Bi Carmín alivuta hewa moja, kwa mlio kama wa mlango mbovu, akaanguka juu ya mto. Baada ya dakika kumi yakaanza tena.

"Piga simu ya dharura!" Edgardo alilia.

"Waje wamfanye nini?" Yaritza alikuwa tayari ameshika simu. "Namwita Bi Providencia."

Bi Providencia alikuwa mzee wa mji wa Ponce, kisiwani kwao, aliyeuza majani na mishumaa mitaa miwili kutoka pale, na aliyejua kuzungumza na wafu. Alifika na barakoa usoni, mwavuli mkononi. Hakusalimu. Aliweka bilauri ya maji kichwani pa kitanda, akawasha mshumaa mweupe, akajimwagia marashi viganjani na kumpangusa Bi Carmín kuanzia utosini mpaka nyayo, akimwamuru mgeni atoke kwa jina la Mungu. Maji ya bilauri yakaanza kuchemka bila moto. Mshumaa ukazimika. Akauwasha, ukazimika. Mara ya tatu akaacha.

"Huyu simwezi," alisema chini chini. "Kuna wanaotumwa, hao hufukuzika. Huyu kaitwa. Kuna mtu aliyesema kwa kinywa cha huyu bila idhini yake, akamfungulia mlango. Nani?"

Mvua ilipiga bati. Yaritza alimtazama mumewe, na kadiri alivyomtazama ndivyo uso wake ulivyobadilika.

"Gardo. Lile tangazo la Septemba..."

"Ni mimi," Edgardo alisema. "Hakusoma. Alikataa. Mimi niliikata sauti yake nikaiunga. Thornbury aliniamuru, nikaogopa kazi. Bi Providencia, nisamehe, niombee, mwambie..."

"Usiniambie mimi. Mimi sikufukuzwa kazi na mtu."

Kitandani Bi Carmín alifumbua macho. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Eneida. "Wote," ilisema. "Wote. Wote. Wote." Na hewa ikamkwama tena.

Edgardo akaelewa. Akakimbilia kompyuta yake. Orabela walikuwa hawajamwondolea ruhusa ya mtambo uliopiga zile simu za Septemba. Orodha ilikuwa mle mle, majina elfu saba. Alijua akibonyeza, kazi imekwenda, na nyumba itaifuata. Kutoka chumba cha pili alisikia kisigino cha mama yake kikigonga ubao wa kitanda. Akasogeza kipaza sauti.

"Mimi ni Edgardo Nieves, mwana wa Carmín wa chumba cha kufulia," alisema. "Bi Eneida Rosario hakusoma tangazo mlilosikia. Aliombwa, akakataa. Bwana Thornbury aliagiza, nami nikaiba sauti yake kwenye kanda za zamani." Alihisi kila neno likimtoka na kitu nyuma yake, kama uzi unaovutwa kooni. "Mlimtukana bure. Alikufa hana kosa." Neno la mwisho lilikuwa mnong'ono. Alipotaka kuongeza la kuomba radhi, hakikutoka kitu.

Akabonyeza.

Simu ya Yaritza ililia kwanza, maana naye aliwahi kuuza tiketi kule. Kisha ya jirani wa kushoto. Kisha ng'ambo ya barabara, kisha mtaa mzima, milio juu ya milio ndani ya mvua, na watu wakatoka barazani wakiwa wameshika simu masikioni, wakitazamana. Mezani kando ya kitanda simu ya Bi Carmín nayo ilikuwa ikilia. Bi Carmín akavuta pumzi ndefu, yake mwenyewe, akanyoosha mkono na kuipokea.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Mara kumi na moja," alisema. "Alinipigia mara kumi na moja, anataka kuniambia, na mimi nakaa naitazama simu."

Jioni ile ile alifunga sanduku, akaenda kukaa kwa dada yake.

Jumapili magari yalijipanga kutoka lango la makaburi alikozikwa Eneida mpaka barabara kuu, zaidi ya mia tatu, watu wamebaki ndani na barakoa zao, wakapiga honi kwa pamoja dakika nzima. Mengine yalikuwa ya watu waliorusha mayai. Edgardo alikuwa na Yaritza katika gari la mwisho, na kila aliyepita alimtambua, na hakuna aliyemsalimu. Sauti yake haikurudi, siku hiyo wala baadaye. Madaktari walimulika koo wakasema liko salama kabisa.

"Amekwenda?" Yaritza alimuuliza Bi Providencia walipokutana langoni.

"Kwenu ametoka. Sikusema amelala."

Jumatatu Thornbury aliwaambia waandishi wa habari kwamba yule kijana ni mgonjwa. Jumanne hakuonekana. Walinzi wa Orabela walimkuta saa saba mchana, ndani ya bustani iliyofungwa, peke yake katika behewa la mbele la treni kubwa, suti imelowa jasho, uso umeungua kwa jua, mikono imekamata chuma cha kuzuia magoti mpaka kucha zinavuja damu. Walimwambia ashuke. Alisema hajaruhusiwa kusimama. Hajaruhusiwa na nani, walimuuliza, na yeye akaonyesha kwa kidevu kipaza sauti juu ya nguzo, ambacho mafundi walikuwa wamekiondoa tangu Julai. Pale juu zilibaki skrubu mbili. Watu wanne walimng'oa kwa nguvu. Kila asubuhi, wanasema, hurudi, au hujaribu kurudi, na mkewe amefunga malango ya nyumba yao.

Mwezi wa Novemba Edgardo alikwenda kwa dada ya mama yake. Bi Carmín alimfungulia, akasimama mlangoni bila kumkaribisha ndani. Edgardo akampa karatasi ya kuomba radhi. Alikuwa ameiandika kwa wiki nzima, akifuta na kuandika upya, na kila sentensi mle ilikuwa mahali pake.

Bi Carmín aliisoma yote, bila haraka, akaikunja.

"Imeandikwa vizuri, mwanangu," alisema. "Wewe siku zote unaandika vizuri."

Akamrudishia, akafunga mlango.