Wimbo wa Mama Yake Fundi Sterio

Fundi Sterio alishona matandiko ya punda. Duka lake lilikuwa Bagamoyo, kando ya njia ya misafara. Ilikuwa mwaka 1886. Watu wa mji walimwita Mgiriki, naye aliwaacha waite watakavyo. Mkewe, Gertruda, alilima muhogo na mahindi. Binti yao, Marselina, alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma shule ya misheni. Kwa maswali, mtoto huyo hakuwa na mfano. Angemuuliza hata punda kwa nini ana masikio marefu, kisha angekaa kungoja jibu.

Siku moja ilifika barua. Sterio aliisoma, akaiweka chini, akaishika tena. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Imetoka wapi, baba?" Marselina aliuliza.

"Kwetu. Kwa mpwa wangu, Taki. Ni mwalimu."

"Kwa Wagiriki?"

Sterio alitikisa kichwa. "Mimi si Mgiriki, mwanangu. Mimi ni Mwarumani."

Marselina alivuta kigoda akakaa. Ameishi na baba yake miaka yote hiyo, na neno hilo hajapata kulisikia!

"Waarumani ndio nani?"

"Ni watu wa milimani, katika nchi ya Sultani wa Waturuki. Tunafuga kondoo. Baba yangu alikuwa mtu wa misafara, kama hawa wanaopita hapa, ila mizigo yake ilibebwa na nyumbu, wale wazao wa punda na farasi. Lugha yetu na Kiromania ni ndugu, kama Kikwere na Kizaramo."

"Mbona hukunifundisha?"

"Tulipokuwa wadogo tulichekwa. Mjini walisema hiyo ni lugha ya kondoo. Basi tukajifunza Kigiriki, tukaificha yetu."

Kisha alimsomea barua kwa Kiswahili. Taki aliandika hivi:

"Mjomba, mama yako amefariki. Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja, na lugha inaondoka nao. Shuleni tumeanza kuandika nyimbo na hadithi za zamani. Mama yako alikuwa na wimbo wa kusokota sufu, wenye beti tano. Hapa hakuna anayeujua tena. Umebaki wewe tu. Tuandikie wimbo wote."

Meli ya barua ingeondoka Unguja baada ya siku nne. Ikiondoka bila jibu, nyingine ingechukua miezi.

Sterio alikaa mezani na karatasi. Ubeti wa kwanza ulikuja. Wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano ulikataa. Alijipiga paji la uso. Alikunywa kahawa. Aligombana na paka, na paka hana kosa. Siku ya pili ikaisha hivyo hivyo.

"Nitamwambia Taki nimekumbuka beti nne," alisema. "Nne zinatosha."

Gertruda alikuwa akimenya muhogo. Aliweka kisu chini.

"Hazitoshi, Baba Marselina. Mimi niliibwa kwetu nikiwa mdogo, nikauzwa, mpaka watu wa misheni wakanikomboa. Jina la kijiji chetu silijui. Lugha yetu siijui. Nimebaki na sauti ya wimbo mmoja, haina neno hata moja. Wewe unazo nne, na wa tano bado unaweza kuutafuta. Usiseme zinatosha mbele yangu."

Sterio aliona haya, akainama.

Marselina alitoka mbio kwenda kwa jirani yao, Bi Chausiku. Huyu alikuwa mama wa Kikwere kutoka Kerege. Ndiye kungwi wa mtaa, na wasichana wote aliwafunda kwa nyimbo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, lete swali. Bila swali wewe huji kwangu."

Marselina alimweleza yote. Bi Chausiku alijitanda nguo yake, wakafuatana.

"Hodi! Fundi, wimbo unautafuta wapi?"

"Kichwani, Bi Chausiku."

"Hapo ndipo ulipokosea. Mimi nina nyimbo za kutwanga zaidi ya ishirini. Niulize nimekaa, nitakupa mbili. Nipe mchi, nitakupa zote. Wimbo wa kazi unakaa ndani ya kazi. Mama yako alisokota amekaa?"

"La. Wanawake wa kwetu husokota wakitembea, kando ya nyumbu."

"Basi inuka. Tembea, sokota, imba."

Sterio aliiva uso. "Kwetu mwanamume hashiki kijiti cha kusokotea. Nitachekwa mji mzima."

"Ulichekwa utotoni ukaificha lugha," Bi Chausiku alisema. "Ukichekwa leo, utaficha nini tena?"

Sterio alichukua kisu na kipande cha mti. Usiku haujaingia, alikuwa amekwisha kuchonga kijiti.

Asubuhi Gertruda alimpa pamba, kwa kuwa sufu haikupatikana. Nyumbu naye hakupatikana, wakaazima punda. Bi Chausiku alimwambia Marselina, "Chukua daftari. Andika kama anavyotamka. Usitengeneze, hata kama huelewi. Ukitengeneza, umeandika wimbo wako, si wake."

Wakaenda, punda mbele, fundi kando yake, Marselina nyuma. Uzi ulikatika kila hatua tatu. Sokoni watu walishika mbavu.

"Mgiriki kapata wazimu!"

"Fundi, kesho tukuletee ukili usuke na wanawake!"

Sterio alitokwa jasho, lakini aliimba. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Walipofika kisimani, wa tano ukakataa tena. Marselina, aliyekuwa akiandika huku anatembea, alijikwaa. Ili asianguke alishika upindo wa kanzu ya baba yake.

Sterio alisimama. Kijiti kilimwanguka. Kisha sauti yake ikaendelea yenyewe, polepole, mpaka mwisho wa ubeti wa tano.

"Unasemaje, baba?" Marselina alinong'ona.

Baba yake alikuwa analia wazi, hakujificha. "Unasema: Njia ni ndefu, uzi ni mrefu, na nyuma yangu yuko Sterio, ameshika upindo wa nguo yangu."

"Ni jina lako!"

"Ndiyo. Nilikuwa nimeusahau ubeti unaonitaja mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Yule aliyesema habari za ukili aliokota kijiti, akakipangusa vumbi, akamrudishia.

Barua iliwahi meli. Ilikuwa na beti tano, kwa Kiarumani chenyewe. Kwa shauri la Bi Chausiku waliandika pia jina la mwenye wimbo, mama yake Sterio, aliyeitwa Sultana, na kijiji chake, na kwamba huimbwa mtu akisokota huku akitembea. Baada ya miezi mingi Taki alijibu kwamba wasichana wa shule yake wanauimba njiani, vijiti mkononi. Marselina naye aliujua wote. Kila jioni alimuuliza baba yake maana ya neno moja, na akiwa mkaidi, maneno kumi.

Ndipo Bi Chausiku alipomgeukia Gertruda.

"Na wewe, mama, wimbo wako ni wa kazi gani?"

"Sijui. Nilikuwa mgongoni mwa mama. Nakumbuka mgongo ukiinama na kuinuka, ukiinama na kuinuka."

"Huko ni kulima, mwanangu. Una kipande cha shamba kando ya njia ya misafara. Kalime hapo uimbe kwa nguvu. Watu wa bara wote hupita pale."

Kila asubuhi Gertruda alilima na kuimba ile sauti isiyo na maneno. Misafara ilipita. Watu walimtazama, wakaenda zao. Wiki moja, wiki tatu, wiki tano. Alitaka kuacha. Marselina alimsihi asiache.

Wiki ya sita, mwanamke mmoja wa msafara, jina lake Kulwa, alisimama ghafla njiani. Alitua mzigo wake. Akaupokea wimbo, na kwake ulikuwa na maneno.

Jembe lilimtoka Gertruda mkononi. Marselina alikimbilia daftari.

"Liache kwanza," mama yake alisema. "Njoo uitikie."